Kuhama kutoka raifo kwenda bastola haraka: anza na mkono wa kushoto

Watu wengi wakitaka kujifunza kuhama kutoka raifo kwenda bastola wanaanza na bastola. Wanashinda wanachomoa kwenye holsta (mkoba wa bastola), wanarudisha, wanachomoa tena, taima inapiga, alafu siku wakisimama na raifo begani ule muda wote waliouokoa unapotelea kwenye bunduki inayoning'inia hovyo, mtutu unagonga goti, kitako kimekaa juu ya holsta, slingi (mkanda wa kubebea raifo) imebana shingo. Kwa hiyo hapa naanza na raifo yenyewe, manake kwenye zoezi hili kasi inatoka kwa mkono unaoiondoa raifo njiani, mkono wa bastola unafaidika tu na kazi iliyofanywa na mwenzake.

Naandika kwa mtu anayelenga kwa mkono wa kulia. Kama we ni shoto geuza kila kitu, kasoro kama sefti (kifungio cha usalama) ya raifo yako iko upande mmoja tu, hiyo itabidi uizoee kivyake.

Usalama kwanza na hapa sifupishi. Hii ni kazi ya silaha mbili mikononi mwa mtu mmoja ndani ya sekunde chache, kwa hiyo nafasi za kukosea ni mara mbili. Zile kanuni 4 za Jeff Cooper, mwalimu wa silaha wa Marekani, kila mtu anazijua kwa kichwa: kila silaha ichukulie ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka saiti (vile vya kulengea) ziwe kwenye shabaha, na ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwenye kuhama, kanuni zinazovunjwa sana ni ya pili na ya tatu, ya pili kwa sababu raifo ikiachiwa inayumba na mtutu unaenda unakotaka wenyewe, ya tatu kwa sababu mtu akiwa na haraka kidole kinaingia kwenye triga bastola bado inatoka kwenye holsta.

Ndo maana mazoezi ya mwanzo yote ni makavu, yaani bila risasi. Toa magazini, vuta bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani), angalia chemba (pale inapokaa risasi ya kufyatuliwa) kwa macho alafu ingiza kidole uhakikishe, bastola nayo hivohivo, na risasi zote zikae chumba kingine kabisa, sio mezani wala mfukoni. Chagua ukuta mnene ambao nyuma yake hapakai mtu, bandika shabaha ndogo hapo na ndo huko mitutu yote itaelekea. Ukimaliza useme kwa sauti kwamba umemaliza, hifadhi silaha, ondoka. Hamna "ngoja nirudie moja ya mwisho" baada ya risasi kurudi kwenye magazini. Mazoezi ya risasi za moto fanyia renji iliyosajiliwa, kwa silaha ulizo na kibali nazo, na msimamizi anayejua unafanya nini, tena umwambie mapema kwamba unataka kufanya zoezi la kuhama maana renji nyingine hairuhusiwi kabisa kuchomoa kutoka kwenye holsta.

Unahama lini

Watu wanaruka hii sehemu wanakimbilia mikono, ila uamuzi nao unakula muda kuliko mikono. Unahama pale raifo imekataa kufanya kazi, shabaha iko karibu, na huna pa kujikinga. Ukiwa nyuma ya ukuta, au shabaha iko mbali, baki na raifo, badilisha magazini au toa risasi iliyokwama, kwa sababu raifo iliyorekebishwa bado inaipita bastola yoyote.

Umbali una hesabu yake. Kwenye bastola ya Glock 17 kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele ni kama sm 16.5, kwenye raifo ya AKM (aina ya AK) ni karibu sm 38. Sasa chukua kosa dogo tu la milimita 1 kwenye kupanga saiti: kwa mita 7 bastola inakupeleka pembeni kama sm 4, bado uko ndani ya shabaha, lakini kwa mita 25 kosa lilelile linakuwa sm 15 wakati ile raifo ingekutoa sm 6 na nusu hivi. Na hapo sijahesabu kwamba bastola haina kitako cha kuegemea begani. Kwa hiyo mtu anayehama kwa shabaha ya mita 50 kwa sababu tu amezoea kuhama anajitia kwenye shida kubwa kuliko aliyokuwa nayo.

Alafu ujue silaha yako inakuambiaje kwamba imeisha. Raifo ya AR (kama AR-15) ikimaliza risasi bolti inabaki nyuma, na mtu aliyeizoea anasikia kabisa begani kwamba msukumo wa risasi ya mwisho umekatika katikati, ukivuta triga imelegea haina kitu. AK yenye magazini ya kawaida haifanyi hivo, bolti inarudi mbele kama kawaida, unavuta triga unasikia kli. Hiyo kli inaweza kuwa magazini imeisha, inaweza kuwa risasi mbovu, huwezi kujua hapohapo na hutakiwi kujua hapohapo. Usigeuze raifo kuichungulia. Kama masharti ya kuhama yapo, hama, uchunguzi utaufanya baadaye.

Slingi ndo inaamua

Slingi ya pointi moja, yaani inayofungwa kwenye raifo sehemu moja tu, inaachia raifo haraka sana, lakini ikiachiwa inashuka katikati ya miguu, mtutu unacheza kati ya magoti, na ukitaka kutembea ndo balaa kabisa. Ya pointi tatu ina mikanda mingi ya kunasa, sioni sababu ya mtu kuhangaika nayo siku hizi. Ya pointi mbili yenye kile kitanzi cha kuvuta ili kubana na kulegeza kwa mkono mmoja ndo ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu.

Namna ya kuvaa: kichwa na mkono wa kushoto vyote vinapita ndani ya slingi, mkanda unakaa juu ya bega la kulia karibu na shingo, unapita mgongoni, unatokea chini ya kwapa la kushoto. Ukiivaa hivi raifo ikiachiwa inalala mbele ya kifua kwa mshazari, kitako juu kulia, mtutu chini kushoto nje ya mguu. Mshazari huo ndo unaokupa njia ya kufikia holsta kiunoni kulia.

Urefu upange ukiwa umevaa vitu vyako vyote, sio na tisheti alafu siku ya mazoezi unavaa koti na mkanda wa magazini. Inua raifo begani ulenge. Kama slingi inakuvuta shingo au huwezi kukaza kitako vizuri begani umebana sana, legeza. Sasa iachie taratibu kwa mkono wa kushoto mpaka ining'inie yenyewe. Kama mtutu unafika magotini au raifo inazunguka kiunoni ukigeuka, umelegeza sana. Kati ya hizo mbili kuna sehemu ndogo inayofaa, ukiipata weka alama kwenye mkanda kwa kalamu ya wino usiofutika ili ukibadilisha nguo ujue pa kurudi.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni vitu vilivyo upande wa kushoto wa kiuno. Raifo inapita hapo. Kama una pochi za magazini zilizo wazi, au tochi imetokeza, au kile kishikio cha mbele cha raifo kina ndoano ndoano, vitanasana, na vitanasana siku una haraka. Iteremshe raifo polepole kabisa mara kadhaa huku unaangalia inagusa wapi, alafu usogeze kinachogusa. Holsta nayo iangalie: inayoning'inia pajani chini sana inazunguka ukikimbia na mkono unaitafuta, ya kiunoni iliyoshushwa kidogo tu ili gripi isigongane na kitako inatosha.

Sasa mikono

Raifo iko begani, umelenga, imekataa. Macho yanabaki kwenye shabaha kuanzia hapa mpaka mwisho, hauangalii raifo wala holsta wala mkono.

Kidole cha kulia kinatoka kwenye triga kinanyooka juu ya fremu, na wakati huohuo kidole gumba kinafagia sefti kwenda kwenye salama. Hapa kuna jambo la kujua kuhusu AR: kama bolti imebaki nyuma, nyundo iko tayari imekokiwa kwa hiyo sefti inakubali. Lakini kama umesikia kli, nyundo imeshashuka, na sefti ya AR haiendi kwenye salama nyundo ikiwa chini. Kwa hiyo ufundishe mkono kufagia mara moja tu, ikikubali sawa, ikikataa endelea, usipigane nayo. Kwenye AK ile lever iko kulia na ni ndefu, wengine wanaipandisha kwa vidole vya mkono wa kulia unapoacha gripi, inawezekana ila inataka mazoezi yake.

Sasa mkono wa kushoto, ule ulioshika mbele ya raifo. Huu hauachii. Unavuta raifo chini na kuiingiza kwako, kuelekea nyonga ya kushoto, mtutu unashuka, kitako kinatoka begani kinapanda na kulala karibu na kifua upande wa kulia au kinaingia kidogo juu ya mkono. Mvuto ni mmoja, imara, hadi usikie slingi imekaza. Hapo raifo imekaa. Watu wanaoirusha wanadhani wanaokoa muda, alafu raifo ya kilo 3 na zaidi inarudi kama pendulamu na kugonga mkono wa kulia unaochomoa bastola, au inagonga goti unayumba wakati unataka kufyatua.

Na mkono wa kulia haungoji kazi hiyo iishe. Ule mvuto wa kushoto ukianza tu, kulia ameshaacha gripi anaenda kwenye holsta. Hii ndo nusu sekunde inayotafutwa, mikono miwili kufanya kazi kwa wakati mmoja, na ndo maana nasema mkono wa kushoto ndo wa kufunza kwanza, kwa sababu kushoto akiwa na uhakika, kulia anakuwa huru kuondoka mapema. Angalia mtu anayeanza, utaona mkono wake wa kulia unasitasita hewani unasubiri kuona raifo itaenda wapi.

Kwenye holsta shika gripi yote ikiwa bado ndani, ile sehemu kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa nyuma ya bastola, kidole gumba kibonyeze kufuli ya holsta kama ipo, vidole vitatu vifunge chini. Shiko bovu kwenye holsta ni shiko bovu mpaka mwisho, hutapata muda wa kulirekebisha. Inua juu moja kwa moja mpaka mtutu utoke, geuza uelekee mbele kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, kidole bado kiko nje ya triga.

Mkono wa kushoto ukishamaliza na raifo unakuja bapa juu ya kifua. Bapa, umegusa kifua kabisa. Usiuache unaelea mbele ukiisubiri bastola, kwa sababu ndipo mtu anapopitisha mtutu juu ya vidole vyake mwenyewe. Bastola inapita mbele ya kifua, kushoto anaipokea kutoka nyuma na pembeni, mikono inakutana pale karibu na kifua, alafu zote mbili zinasukuma mbele kwenye mstari wa macho. Saiti zikitua kwenye shabaha kidole kinaingia, unabana taratibu. Miguu haijabadilika hata kidogo tangu ulipokuwa na raifo. Kama unajikuta unapanga miguu upya ujue ulikuwa umesimama kiubavu mno na raifo, kaa mraba zaidi, magoti yamekunjwa kidogo, uzito mbele.

Huna slingi? Basi usidanganyike kuiangusha. Kushoto anaibana raifo ubavuni mtutu chini, unafyatua bastola kwa mkono mmoja. Ni ngumu na inapunguza usahihi, kwa hiyo uifanyie mazoezi kivyake na kwa umbali mfupi. Mashindanoni ni kitu kingine, kule kwenye mashindano ya silaha tofauti mara nyingi kuna pipa au boksi la kuachia raifo, na unaiachia ikiwa sefti imewekwa au imeisha kabisa, mtutu ukielekea upande uliopangwa, ukikosea unaondolewa. Kwa sheria za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kufyatua kwa vitendo, ambalo lilianzishwa mwaka 1976 na Cooper akawa rais wake wa kwanza, mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka mstari wa kwenda kwenye tuta la kuzuia risasi umetoka, na kuangusha silaha ni hivohivo umetoka. Yaani kasi yote inahesabiwa ndani ya nidhamu hiyo.

Ukiwa umepiga goti mambo yanabadilika kidogo. Goti la kulia liko chini, la kushoto liko juu, slingi inalegea kwa sababu kifua kimeshuka, na mtutu unaweza kuchimba ardhi ukajaa udongo. Ipeleke raifo nje ya goti la kushoto, sio ndani, na uiteremshe polepole zaidi kuliko ukiwa umesimama. Baada ya risasi nyingi mtutu ni wa moto kweli, unaunguza hata kupitia suruali, zingatia unapoegemea mguu.

Kuufanya mwili uizoee

Anza na raifo peke yake, bila bastola. Begani, fagia sefti, vuta, iache ining'inie, mkono wa kushoto kifuani. Rudia mpaka isiyumbe tena na ikae palepale kila mara. Hii inachosha na watu wanaikimbia, na ndio hatua inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Alafu bastola peke yake, raifo ikiwa tayari inaning'inia, ili mkono uzoee kupita pale kitako kilipo. Ndo unaunganisha, kwa mwendo wa polepole ambao unaweza kuona kila kosa, ukijirekodi kwa simu kutoka pembeni na kutoka mbele. Ukiangalia video tafuta kitu kimoja: mkono wa kulia unaondoka lini ukilinganisha na wa kushoto. Kama unaondoka raifo ikiwa imeshakaa, umechelewa, na sasa unajua pa kufanyia kazi.

Taima ije mwisho. Ziko programu za simu zinazopiga mlio wa kwanza na mlio wa mwisho, weka nafasi ya sekunde 4, ukiweza kumaliza vizuri mara zote punguza kidogo kidogo. Ukiona shiko la bastola limeanza kuharibika rudi juu. Mtu anayehama vizuri na kupata shabaha ya mita 7 kwa sekunde 2 na nusu hivi yuko sawa kabisa, kushuka chini ya 2 ni kazi ya miaka. Dakika 10 kila siku zinakujenga kuliko masaa 2 ya mwisho wa wiki, maana ukichoka mkono wa kushoto unaanza kurusha na unajifundisha kurusha.

Renjini anza na risasi 1 kwenye raifo na 1 kwenye bastola, piga, hama, piga. Baadaye mpe mwenzako akupangie magazini ya raifo, achanganye risasi bandia za mazoezi katikati bila kukuambia ziko wapi. Hapo ndo utajua kama kweli unaisikia raifo ikikataa au ulikuwa unahesabu tu. Kuna kitu kitatokea mara ya kwanza: utasikia kli, alafu utavuta triga tena, na tena. Ni kawaida, mwili haujakubali bado. Endelea na zoezi hilohilo la mshangao hadi ile kli yenyewe iwe ndo ishara ya mkono wa kushoto kuvuta.

Ukishamaliza kufyatua na bastola hakuna haraka tena hata kidogo. Kidole nje, angalia mbele na pembeni, alafu rudisha bastola kwenye holsta polepole na hapa sasa iangalie holsta kwa macho, hakikisha hakuna kamba ya koti au ncha ya shati iliyoingia mdomoni mwa holsta, kitu kama hicho kinaweza kuvuta triga wakati unasukuma. Mkono wa kushoto ukae mbali kifuani. Ndo baadaye unaishika raifo kwa kushoto, unauweka mtutu upande salama, kidole nje ya triga, unatoa magazini, unavuta bolti mara kadhaa, unaangalia chemba. Kama ni ile iliyosema kli usiifungue papohapo renjini, kaa nayo imeelekea kwenye tuta kama nusu dakika, maana risasi mbovu mara chache huwa inachelewa tu kuwaka, alafu ndo uitoe.